Kifua Changu Mwenyewe

Shule niliyosoma Kisarawe ilikuwa na mpira mmoja wa ngozi na haikuwa na jezi. Tulipogawana timu, upande mmoja ulibaki na mashati na upande mwingine ulivua. Nilikuwa winga mzuri, nalisema hilo bila haya, na kwa muda mrefu sikujali nimeangukia upande upi. Kisha nikabalehe, na kifua changu hakikutanuka kama vya wenzangu. Kiliota matiti. Yalichongoka na kuuma yakiguswa na shati. Niliamini yangerudi ndani yenyewe. Hayakurudi.

Jioni moja, mwaka ule wa Uhuru, mwalimu wa michezo alinipanga na wanaovua. Nilimwomba nibaki na shati langu, akasema hakuna mwenye ruhusa maalumu. Nikavua. Mpira haukuanza. Wavulana walisimama wakinitazama, kisha mmoja akauliza nitamnyonyesha nani, na kicheko kikazunguka uwanja mzima, cha mwalimu kikiwemo. Nilivaa, nikatoka uwanjani, na pale shuleni sikucheza tena.

Tangu hapo nilijifunga kifua kwa kipande cha kitambaa cha marekani, nikivaa shati juu yake. Wanaoujua mwambao huu na joto lake wataelewa maana yake. Nilitokwa na upele, ngozi ikachubuka kwapani, na mama aliyekuwa akikiona kile kitambaa kwenye kamba ya nguo hakuniuliza lolote. Nilimaliza shule nimejifunga. Nilisomea ualimu nimejifunga. Nilipopangiwa kufundisha Kwala, nilishuka kwenye treni nimejifunga.

Miaka michache baadaye watu walihamishiwa vijijini, na nasi walimu tukawa tunakwenda pamoja na wanakijiji kulima shamba la ujamaa. Wanaume walifanya kazi vifua wazi. Mimi nilipalilia mihogo na shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa hadi shingoni. Walisema mwalimu anaogopa jua, kwamba anajiona msomi. Niliwaacha waamini hivyo. Niliona afadhali kuitwa mwenye maringo.

Mwanamke niliyemposa alikuwa binti wa wakulima wa Pangani ya huku Kibaha, upande ule ule wa Kwala. Kabla ya posa kupelekwa nilimweleza yote, kwa sababu sikutaka agundue siku ya harusi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akasema alidhani nataka kumwambia nina mke mwingine. Tulioana. Mbele yake nilivua kile kitambaa, na hakuwahi kuniangalia kwa namna ya kuniumiza. Lakini nilipotoka chumbani nilikuwa nimekwisha kukifunga tena.

Mganga wa zahanati yetu ndiye aliyeniambia kwamba hali yangu si ngeni. Alisema huwapata wavulana wengi ikapita, na kwa wengine haipiti. Akataja kuwa Dar yuko daktari wa upasuaji anayeweza kuyaondoa matiti kama hayo. Halafu akaniangalia kwa wasiwasi.

"Lakini si ugonjwa, mwalimu. Hulazimiki."

"Najua silazimiki," nikamwambia. "Nataka."

Sikujua kwamba neno hilo dogo lingewaudhi watu kiasi kile. Kama ningekuwa na busha, kijiji kizima kingenisindikiza kituoni. Mwalimu mkuu, ambaye kwa ufupi wa kimo chake hakutoka nyumbani bila viatu vya raizoni vyenye soli nene, aliniambia kwamba mwanamume hajishughulishi na umbo. Nilimsikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa kidogo, kwa adabu, nikaviona viatu vyake. Wanaume nimeishi nao maisha yangu yote. Wanajitazama kwenye vioo, kwenye madirisha, kwenye maji ya kisima. Wanachokatazwa ni kukiri tu.

Mke wangu naye hakufurahi, ila sababu yake ilikuwa nyingine, na ndiyo iliyonigusa.

"Mimi nilishakwambia hayanisumbui," alisema. "Au neno langu halikutoshi?"

"Neno lako nalipenda," nikamjibu. "Lakini yananisumbua mimi. Hata ningekuwa peke yangu duniani, yangenisumbua."

Aliendelea kuchambua mchele. Baadaye alisema kama ni hivyo atanisindikiza, kwa sababu hataki nikafanyiwe jambo hilo kama mtu anayetoroka.

Baba ndiye aliyekuwa mgumu. Alikuwa katekista, anayeheshimiwa Kisarawe nzima, na tulikwenda kumuaga tukijua atakavyosema. Nilimwamkia, akaitikia, akatusikiliza. Kisha akasema mwili ni kazi ya Mungu, na anayeukata bila ugonjwa anamwambia Muumba alikosea. Akasema pia nchi inajenga, watu wanashika majembe, nami nakwenda kuhangaikia kifua kama msichana.

Sikuwahi kumjibu baba. Siku hiyo nilimjibu, taratibu, nikiwa nimekaa kwenye kigoda miguuni pake.

"Baba, na piko unayopaka ndevu zako kila Jumamosi?"

Mke wangu aliangalia sakafuni. Baba aliziangalia ndevu zake, zilizokuwa nyeusi ti, kisha akasema mazungumzo yamekwisha. Hatukula pale. Tulipanda basi la Dar na njaa yetu.

Daktari alikuwa mtu mzima wa maneno machache. Aliuliza kwa nini nimesubiri hadi utu uzima, na kwa nini sasa. Nilimjibu kwamba nimechoka kukizunguka kifua changu kama mtu anayezunguka shimo mlangoni kwake. Aliniambia wazi kwamba makovu yatabaki, na ngozi yetu hii huenda ikafura mahali pa kisu. Nikasema nayakubali makovu. Hayo nitakuwa nimeyachagua.

Wodini, kwenye kitanda cha jirani, alilala mzee aliyevunjika paja. Aliniuliza ninaumwa nini. Ningeweza kusema jipu. Nilimwambia ukweli. Akasema basi mimi ninaumwa macho ya watu, na hayo hayakatwi kwa kisu. Nilimwambia ni kweli, macho ya watu siwezi kuyakata. Ndiyo maana nakata kilicho changu. Hakucheka, wala hakukubali, lakini kesho yake alinigawia chungwa.

Nilirudi Kwala na bandeji. Habari ilikuwa imenitangulia na imenenepa njiani. Wengine walisema nilikuwa nageuka mwanamke nikawahiwa, wengine kwamba nimetolewa moyo nikawekewa mwingine. Makovu yalifura kweli, na upande wa kushoto ulibonyea kidogo. Asiyejua kitu angeona kifua kibovu. Mimi niliona kifua changu.

Nilipopona nilikwenda shambani na wenzangu, nikalitundika shati kwenye mkorosho, nikashika jembe. Watu waliacha kupalilia. Mwenyekiti wa kijiji alinijia, akanitazama kwa makini, akaniuliza kama ndugu mwalimu haoni aibu kuonyesha makovu yale.

"Ndugu mwenyekiti," nikasema, "aibu niliivaa tangu shuleni. Leo nimeivua."

Alitikisa kichwa, akarudi kwenye mstari wake. Polepole majembe yakaanza tena. Jioni mgongo wangu uliwaka moto, maana ngozi ile haikuwa imepigwa na jua tangu utotoni. Mke wangu alinipaka mafuta ya nazi huku akijizuia kucheka, mwishowe akashindwa, tukacheka wote.

Baba alikuja kututembelea mavuno yalipofika. Alinikuta uani kifua wazi, nikipukuchua mahindi. Alinitazama mara moja tu, akaketi, akavuta hindi na yeye akaanza kupukuchua. Tulizungumza habari za mvua na za jamaa wa Kisarawe. Alipoondoka aliniambia hajabadili msimamo. Nikamwambia nami sijabadili. Tuliishi hivyo miaka yote iliyobaki, tukipendana na kutokubaliana, na hadi tunamzika sikumwomba radhi kwa lile la kifua, kwa sababu sikuwa na la kuombea radhi.