Mtu wa Nalasi

Watu waliliita jiwe, ingawa lilikuwa bamba la saruji tu, limesimamishwa njia panda pale barabara ya vumbi ya kijiji inapokutana na lami ya Njombe, upande wa Madaba. Wanakijiji walilijenga kuwakumbuka wenzao saba waliokufa masika moja. Walikuwa wakitengeneza daraja la magogo kwa kujitolea, mto ukajaa ghafla ukawachukua. Mimi nilikuwa mchoraji wa ofisi ya wilaya, mgeni kutoka Dodoma, nikatumwa kwenda kuandika majina.

Mwenyekiti wa kijiji alinisomea kutoka kwenye daftari. Majina sita yalikuwa kamili, la mtu na la baba yake. Kwenye la saba akasita.

"Huyu andika Mtu wa Nalasi."

"Hana jina?"

"Alikuwa kibarua wa mahindi, katoka Nalasi, huko Tunduru. Alikuja misimu miwili tu. Tulimwita Nalasi, naye akawa anaitika. Tumeulizana, hakuna anayejua zaidi."

Dereva wa ofisi alikuwa ananipigia honi, anataka tufike Songea kabla ya mvua. Niliandika MTU WA NALASI, nikasafisha brashi, nikapanda gari.

Miaka michache baadaye nikapunguzwa kazini, mimi na wengi wengine. Niliogopa, lakini hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, na Songea nzima ilikuwa inafungua duka. Nikaweka kibanda mtaa wa Ruhuwiko. Kila mwenye mashine ya kusaga, kila mwenye saluni, kila muuza mitumba alitaka bango, tena alilitaka kesho. Sijawahi kuandika sana namna ile.

Asubuhi moja alikuja mwanamke kijana, kajifunga mtandio, kabeba mfuko wa korosho. Alikuwa akifanya biashara kati ya Tunduru na Makambako.

"Wewe ndiye fundi uliyeandika lile jiwe la Madaba?"

"Ni mimi, dada. Karibu."

Alikaa kwenye kopo la rangi. Akaniambia kwamba baba yake aliondoka Nalasi kutafuta kibarua, yeye akiwa darasa la tano, wala hawakusikia habari zake tena. Safari ile lori lake lilipata pancha karibu na njia panda. Akashuka kunyoosha miguu, akasoma. Akaingia kijijini kuuliza, na walipomweleza yule kibarua alivyokuwa, hata kile kidole chake kilichokatika, akajua.

"Nimeonyeshwa hata kaburi," alisema. "Lina msalaba, kama ya wenzake. Silaumu, walimzika kwa heshima, hawakujua kwamba ni Mwislamu. Lakini jina lake ninalo. Niandikie jina."

Alitoa karatasi ya daftari, ameliandika kwa kalamu ya wino, la baba yake na la babu yake. Nililisoma kwa sauti, akaitikia kwa kichwa. Alitaka kunilipa, nikakataa. Nikamwahidi kwamba nitakwenda wiki ile ile.

"Nitalisoma nikipita," akasema, akaniachia korosho.

Wiki ile nilikuwa na bango la duka la vifaa vya ujenzi. Iliyofuata, baa. Niliiweka karatasi kwenye kopo la brashi ili niione kila siku, na kweli niliiona kila siku. Mpaka siku moja tapentaini ikamwagika humo, nami nilipoitoa karatasi wino ulikuwa umeyeyuka, limebaki doa la bluu. Nilikaa chini nikajaribu kulikumbuka lile jina nililolisoma kwa kinywa changu. Halikuja.

Nikajipa moyo kwamba atarudi, nitamwomba radhi, ataliandika tena. Hakurudi. Msimu wa korosho ukapita, na mwingine, ndipo nikapanda lori kwenda Nalasi. Siku mbili njiani, na nusu yake tunasukuma kwenye tope. Kule nikauliza habari za mwanamke wa biashara ya korosho aliyepotelewa na baba, nikaelekezwa kwa mjomba wake. Nilimkuta akifyeka chini ya mikorosho yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nilipojitambulisha aliacha kufyeka.

"Kumbe ndiye wewe, fundi uliyekataa."

"Sikukataa, mzee. Nilichelewa."

"Alipita pale njia panda mara mbili. Mara ya kwanza akasema labda fundi ana kazi nyingi. Mara ya pili alishuka, akapapasa yale maandishi, akarudi garini. Alipofika hapa alituambia, wale wa Madaba hawataki Myao kama sisi aandikwe kwa jina pamoja na watu wao." Akaniangalia. "Sasa ameolewa Liwale. Hafanyi tena ile biashara."

Ningeweza kumweleza habari za mabango na tapentaini, lakini nikiwa nimesimama pale niliona aibu hata kuanza. Nikamwomba jina. Alinitajia taratibu, mara mbili, nami nikaliandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu la brashi.

Nilikwenda njia panda kabla hata sijafika nyumbani. Nilikwangua yale maneno yangu ya zamani, nikaandika jina kamili, rangi nzito, nikaipaka mara mbili. Watu wachache walikuja kutazama. Mama mmoja mzee, aliyekuwa akiwapikia vibarua wakati ule, hakujua kusoma, akaniuliza nimeandika nini. Nikamsomea.

"Jamani," akasema. "Misimu miwili nilimpakulia ugali, sikuwahi kumuuliza."

Nilimtumia mjomba barua kwa mkono wa dereva wa lori, kumjulisha kwamba kazi imekwisha. Alinijibu mstari mmoja kwamba ameipokea, na kwamba mpwa wake akija siku moja kusalimia atamwambia. Kama alikuja, sijui. Nimewahi kufunga safari ya Liwale kichwani mara nyingi. Kwa miguu yangu, hata mara moja.