Leseni ya Maskati

Gari la kuazima lina harufu ya nyumba ya watu. Lile la binamu yangu lilinukia udi na korosho za kukaanga, na asubuhi tulipotoka Lindi, mama kakaa pembeni yangu na kanga zake mpya, nilijiona kama naendesha usingizini. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni. Mkono wangu wa kulia, uliozoea magari ya Maskati yenye usukani kushoto, ulitafuta gia mlangoni. Nikitaka kuwasha indiketa, waipa zinaanza kufuta kioo kikavu.

"Unapangusa nini?" mama aliuliza.

"Mazoea, mama."

Tulikuwa tunakwenda Kilwa Masoko kwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa mgonjwa wa kitandani. Hawakuwa wakisemezana tangu nilipokwenda Uarabuni kufanya kazi. Siku niliyoondoka, mama mkubwa alimwambia mdogo wake mbele za watu kwamba mtoto wa kwenda huko si wako tena, hatakufikisha hata sokoni. Mama akaapa: siku nikikanyaga kwako, nitakuwa nimeletwa na mwanangu huyo huyo. Sasa dada yake alikuwa anakwisha, na mama alitaka waombane radhi angali anaweza kusema.

Kule Maskati nilifuata kila sheria ya mgeni. Leseni ya nyumbani haikunisaidia, nikaanza upya darasani, nikafeli, nikarudia, nikafeli tena, mpaka wakanipa kadi yao ya leseni. Sheria za kurudi nayo huku sikuuliza hata moja. Niliona nakuja kwetu, niulize nini?

Tulipofika Kilangala, askari wa barabarani akatusimamisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaigeuza kadi yangu huku na huku. "Dada, hii ni ya nje. Ilitakiwa ihakikiwe kwanza huku ndipo uendeshe. Ya hapa huna?"

"Iliisha muda zamani. Lakini mimi nimezaliwa Lindi hapo!"

"Wewe ni wa hapa, dada. Leseni ndiyo mgeni."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikaliweka gari chini ya mkorosho, nikampigia binamu, akasema atakuja kulichukua jioni. Basi la kwenda Dar, linalopita njia ya Kilwa, lilipotokea, askari mwenyewe alilisimamisha. Palikuwa na siti moja tu. Mama alinitazama, akaitazama barabara.

"Panda, mama," nilimwambia. "Usimkose kwa ajili yangu."

Akakusanya kanga zake, akapanda. Sijawahi kujisikia mdogo vile.

Nilikaa kwenye usukani, milango wazi. Jua lilipopanda, lami ilianza kucheza kama maji, na watu wa baiskeli walikuwa kama wanaelea juu yake. Labda nilisinzia. Simu ikaita. Alikuwa mama, lakini hakuzungumza nami, aliishika tu wazi ili nisikie.

"Umekuja na nani?" Sauti ya mama mkubwa ilikuwa nyembamba sana.

"Nimeletwa na mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Anaegesha gari."

Nilisikia kitanda kikilia.

"Mwambie asiharakishe," mama mkubwa akasema. "Radhi yangu mnayo, nyote wawili."

Nikaukumbatia usukani wa gari lililozimwa, nikalia.