Mbegu za Mpapindi Juani

Jumamosi, tarehe kumi ya Mfunguo Pili, nilikuwa uani kwangu, Mpendae, nikizigeuza mbegu za mpapindi juu ya jamvi. Zilikuwa zimekaa juani siku ya tatu. Mpapindi ni ndugu wa mnazi na mpopoo, shina lake jembamba lenye pingili, na asili yake ni misitu ya mvua ya Pemba. Mama mkubwa, aliyenilea huko hadi nilipokuja Unguja kusoma, alikuwa nao mmoja nyuma ya jiko. Upepo wa masika uliuangusha. Akachuma vishada vyake vya mwisho, akaniletea pakacha zima kwa boti, pamoja na ombi moja: mti wake usiondoke bila mtoto.

Nami nikazianika kama karafuu. Sisi tuliokulia Pemba, kila chenye thamani tunakitandaza juani. Hata chuo kikuu hakikunitoa tabia hiyo.

Jirani yangu, mama muuza miche, alichungulia mlangoni.

"Shoga, viungo vyote hivi, pilau ya leo ya watu wangapi?"

Nikamweleza kwa fahari kwamba ni mbegu za kupanda. Kicheko kikamkatika. Aliingia, akaichukua moja na kuipasua kwa kisu. Kiini kilikuwa kimesinyaa.

"Karafuu ikikauka imekuwa mali," alisema taratibu. "Hii ikikauka imekufa. Liko wapi pakacha?"

Nilikuwa nimelitupa kivulini, karibu na mfereji. Chini kabisa, ndani ya majani mabichi aliyoyatandika mama mkubwa, tulikuta matunda kumi na moja, mekundu na laini bado. Jirani alinionyesha namna ya kuyamenya nyama yake, kuziloweka mbegu siku mbili kwa maji ya kubadilishwa, kisha kuzifukia kidogo tu katika mchanga uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyooza. Vyungu tuliviweka chini ya migomba, jua kali lisivifikie, tukanyunyiza maji kila asubuhi, ila yasituame. Mtaa mzima ulipata habari ya pilau yangu, lakini hakuna alasiri ambayo jirani alikosa kuja kuvitazama.

Wiki zilipita udongo ukiwa kimya. Nilipoiona ncha ya kijani, nilikaa palepale chini nikashukuru, kisha nikaandika barua:

"Shikamoo Mama Mkubwa. Mbegu nyingi ulizoniletea nimeziua mwenyewe kwa jua, na naomba radhi. Zilizosalimika ni zile ulizozifunika kwa majani. Mkono ulionilea umenisitiri tena. Mti wako una mtoto mmoja, urefu wake kidole, yuko kivulini chini ya mgomba. Jirani yangu, aliyenifundisha kumtunza, anakusalimu sana. Ukija kumtazama mjukuu, nakuomba usimwulize habari ya pilau."