Milimita Tisa za Fundi wa Ngokolo

Naanza kwa kukiri upumbavu. Mwaka jana nilinunua mnadani gurudumu la nyuma la mtumba, lenye breki ya diski, nikaamini litaingia kwenye baiskeli yangu ya zamani kwa kuwa gurudumu ni gurudumu. Halikuingia. Habu yake, kile kitovu cha katikati, ilizidi nafasi ya fremu kwa milimita tisa, basi nikachomeka jeki ya gari katikati ya mikono miwili ya nyuma, sebuleni, fremu nimeiegemeza kwenye kochi, nikapiga jeki. Mkono mmoja ulipinda, mwingine ukabaki palepale kama umenuna. Nilipoipanda, baiskeli ilikwenda upande kama ng'ombe anayekataa josho. Mtu aliyeniokoa na aibu ile tumemzika Jumanne. Alikuwa fundi baiskeli hapa Ngokolo, na kilichomuua ni vumbi.

“Mwangaluka, mwandishi,” alinisalimu siku niliyompelekea, akaikagua fremu. “Hapa ulikuwa unatengeneza baiskeli au unazalisha ng'ombe?” Akacheka mpaka kikohozi kikamkatisha. Kisha akafunga uzi kwenye mkono mmoja wa nyuma, akauzungusha mbele kwenye shingo ya fremu, akaurudisha kwenye mkono wa pili, akapima uzi uko mbali kiasi gani na bomba la kiti, kushoto na kulia. Alivuta kila upande peke yake, kidogo kidogo, akipima upya kila mara. Breki ya diski haitaki mzaha, alinieleza: gurudumu likikaa upande kwa unene wa ukucha tu, diski inasugua kibano chake kutwa nzima.

Kazi hiyo ya kupanua fremu ziingie magurudumu ya diski aliwafanyia zaidi wabeba mizigo wa Mwakitolyo, wanaoshusha viroba vya mawe ya dhahabu kwa baiskeli. Masika, breki za mpira zinazobana ringi hujaa tope, na mtu anateremka na kiroba chake akimwomba Mungu. Fundi aliijua shida yao. Ujana wake aliumalizia Nyarugusu akiponda mawe, bila hata kitambaa puani. Dhahabu ikaenda kwa wenyewe, vumbi akarudi nalo yeye. Sisi tunasimuliana maduara mapya, mashimo ya dhahabu, kwa fahari, wala hatuulizi kifua cha aliyeyachimba kinaendeleaje. Na vijana aliotaka kuwarithisha ufundi walimwacha, wakaenda kulekule alikotoka.

Ndipo akaniita mimi. “Mikono yako, macho yangu,” alisema, ameketi, kila neno akilivuta kama ndoo kisimani. “Fremu zimebaki tatu. Njoo kila asubuhi kabla pumzi haijaniishia.” Nilikwenda asubuhi mbili. Ya tatu yalianguka manyunyu, nami mwili wangu mnaujua: bati likilia tu, najifunika upya. Nikasema kesho. Wiki nzima nikasema kesho, hadi simu ya msiba ikanikuta bado nimejifunika.

Baada ya maziko wenye fremu walikuja kwangu, maana marehemu aliwaambia kwamba ninajua. “Shikamoo, fundi,” mmoja akaniamkia, nami nikaitika marahaba kama fundi kweli. Nimefunga uzi, nimefungua. Nimevuta mkono wa kushoto, ukazidi. Nilipourudisha, bomba likapata ufa. Wa kumuuliza simwoni. Wale watu wameazima baiskeli za breki za mpira, na masika ndiyo kwanza yanaanza. Kila simu ikilia sasa naogopa kuipokea. Nilichojifunza, wasomaji wangu, ni kidogo na kimechelewa: mgonjwa akikuita ukajifunze kazi yake, nenda siku hiyohiyo, hata kama utakwenda na blanketi mabegani.

Maneno haya nilimsomea jirani yangu, mama anayeuza mkaa mlango wa pili, nikitegemea atafuta machozi. Aliendelea kupanga mafungu yake, kisha akasema: “Umeandika vizuri, baba, lakini baiskeli za watu bado hazina breki.”