Dola Zangu Ishirini na Tano na Mkono wa Sosthène

Mukamana alinirudishia sufuria ya pilau ikiwa bado ya moto.

Nje ya kanisa, Brooklyn Center, watu wote wakitazama.

Akaniambia, "Batoto yangu habatakula chakula ya mutu mwenye alilipa ili mukono ya baba yao ikatwe."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyejua pa kuweka mikono.

Hakucheka.

Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanitupia kifuani. Ikaanguka kwenye lami. Nikainama kuiokota kama mwizi anayeokota alichokwiba.

Jina langu lilikuwepo. Limepakwa rangi ya njano.

Naitwa Elinaja, Mpare wa Same, mwaka wa kumi na tisa huu nipo Minnesota, Marekani. Nilikuja kusoma, nikabeba boksi, yaani vibarua vya mikono, kama wengine, nikamaliza shule, nikapata uraia. Naishi Blaine na mume wangu Geofrey. Kazi ilikuwa Plymouth, kwenye kampuni inayofungasha vyakula vya kugandisha. Jina lake silitaji. Wale jamaa wana mawakili wengi kuliko nywele zangu.

Nilikuwa msimamizi wa usalama. Yaani mtu akiumia kwenye mashine, mimi ndiye naandika ripoti.

Sosthène ni mume wa Mukamana. Wakongo, watu wa Uvira, walifika hapa baada ya miaka mingi ya kambi. Kazi pale nilimtafutia mimi, kupitia wakala anayeleta vibarua. Mkataba wa kampuni hakuwa nao, lakini mashine ni zilezile.

Mwezi wa nane mkanda wa mashine ulimvuta mkono wa kulia. Vidole vinne vilikwenda.

Kinga ya mkanda ule ilikuwa imefunguliwa wiki tatu kabla, kwa sababu inapunguza kasi. Nilikuwa nimeandika barua pepe mara mbili kuomba irudishwe. Mara zote mbili nilijibiwa, "Tumepokea, asante."

Tangu siku hiyo nilikuwa napika kila Jumapili nawapelekea. Ndiyo maana ya ile sufuria.

Sasa karatasi yenyewe.

Ilikuwa orodha ya watu waliochangia kamati ya kisiasa ya kampuni yetu, wenyewe wanaiita PAC. Kazi yake ni kukusanya pesa za wafanyakazi na kuzigawa kwa wagombea. Jina, mwajiri, kiasi. Mimi, dola mia sita na hamsini kwa mwaka.

Chini mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: *Hawa ndio wanaolipia ule muswada.*

Muswada wenyewe kila mtu pale kanisani alikuwa anaujua. Ulikuwa umeanza kusukumwa Saint Paul, kwenye bunge la Minnesota, ukisema kibarua wa wakala akiumia kazini alipwe wiki kumi na mbili tu, basi. Baada ya hapo ajijue. Kampuni kama yetu zilikuwa zinautaka kama maji jangwani.

"Mukamana, dada yangu, mimi sikujua..."

"Usiniite dada! Franga yako njo inatukula. Uliandikaka jina yako na mukono yako. Mukono uko nao, miwili."



Wakati huo alikuwepo Eliezer. Eliezer ni Mtanzania mwenzetu, alikuja kusoma kama mimi, sasa anauza nyumba. Mwaka ule alikuwa anagombea ubunge wa jimbo letu kule Saint Paul. Kijana wetu. Kina mama walikuwa wamempikia, wazee walikuwa wamemwekea mikono kichwani. Kila mahali anasema, "Nitapigania mfanyakazi aliyeumia."

Akanisogelea, akaweka mkono begani kwangu.

"Dada Elinaja, pole. Binadamu hukosea. Muombe mama msamaha, yaishe."

Aisee, nilimshukuru. Kwa mdomo wangu huu.

*

Nilifikaje kwenye orodha?

Nilipopandishwa cheo, bosi wangu Duncan aliniita ofisini. Mzungu mmoja mrefu, mpole wa sauti, hajawahi kugomba na mtu.

"Sasa wewe ni menejimenti," akasema. "Kuna kitu kidogo cha hiari."

Fomu. Dola ishirini na tano kila mshahara, zikatwe moja kwa moja.

"Zinakwenda wapi?"

"Kwa marafiki wa kampuni. Kampuni ikiwa na marafiki, sote tunakula." Kisha akatabasamu. "Ni hiari kabisa. Ila nakwambia kama rafiki, sijaona mtu aliyepanda hapa bila kusaini."

Nilikuwa nimekula kiapo cha uraia miezi mitatu tu nyuma. Nikajiona na mimi sasa ni mtu, nashiriki siasa za nchi yangu mpya. Nikasaini nikitabasamu. Sikuuliza tena kwa miaka miwili.

Huo ni ujinga wangu, simsingizii mtu.

*

Jumatatu nikamfuata Duncan.

"Nataka kujitoa kwenye PAC."

"Kuna tatizo?"

"Pesa zangu zinalipia watu wanaotaka kumnyima Sosthène fidia."

"Nani?"

Huyu mtu alisaini ripoti ya ajali. Nikamkumbusha, "Sosthène. Mkanda namba nne."

"Ah, yule wa wakala." Akageukia kompyuta yake. "Yule si wetu, Elinaja."

"Vidole vilibaki kwenye mashine yetu."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, uso wa Duncan ukabadilika.

"Sikiliza. Kujitoa ni haki yako, nitatuma fomu. Lakini mtu wa usalama anayechagua upande, mimi sijui nitamfanyia nini."

Nikatoka. Nilikuwa na hasira mpaka meno yanauma.

Nyumbani nako moto. Geofrey alikuwa ameshasoma group la WhatsApp la kanisa. Msaliti. Yuda. Mwanamke wa wazungu. Mtu niliyemsimamia harusi yake aliandika, "Mpare kwa pesa atamuuza hata mama yake." Na watu wakaweka vicheko.

"Usijibu," Geofrey akasema. "Na kazi usiache. Nyumba hii hatujaimaliza."

"Sijasema naacha."

"Sura yako imesema."

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nikakaa kwenye gari, nikafungua simu. Nilitaka kitu kimoja tu. Hizo pesa zangu zilikwenda kwa nani hasa? Nilitaka nimjue huyo mgombea, nimchukie kwa jina.

Taarifa za hizi kamati ziko wazi mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Ya kwetu ilikuwa na kurasa kumi na moja. Ile karatasi ya Mukamana ilikuwa ukurasa wa nne, wa wanaotoa. Nikashuka. Wa tano, wanaotoa. Wa sita, wanaotoa.

Wa saba, wanaopokea.

Mpinzani wa Eliezer alikuwemo. Dola mia mbili na hamsini. Nikasema haya, nilijua.

Mstari uliofuata nikausoma mara tatu.

Eliezer. Dola elfu moja. Kiasi cha juu kabisa ambacho mgombea kama yeye anaruhusiwa kupokea.

Kijana wetu.

*

Jumamosi mchana kulikuwa na mkutano wake kwenye ukumbi wa kanisa. Mabango, sahani za fufu na sombe, watoto wanakimbizana. Nilichapisha nakala thelathini za ukurasa wa saba. Geofrey alikataa kuja. Akasema atanisubiri nyumbani, nikirudi na meno yangu yote atashukuru.

Nilipoingia tu, mama mmoja akahamisha kiti chake.

Mukamana na Sosthène walikuwa mstari wa mbele. Sosthène mkono wake umefungwa kitambaa cheupe, amewekwa pale kama bango la kampeni. Ndivyo nilivyoona, na ndivyo ilivyokuwa.

Wakati wa maswali nikasimama.

"Eliezer, umewahi kupokea pesa za kampuni iliyomkata Sosthène vidole?"

Ukumbi ukalipuka. "Kaa chini!" "Huna haya!" Mzee mmoja akagonga fimbo sakafuni. Nikaanza kugawa karatasi. Wengine wakazikunja bila kusoma, mmoja akaichana mbele ya uso wangu.

Eliezer akainua mikono, watu wakatulia. Alikuwa mtulivu, mwacheni jamani.

"Dada yetu ana uchungu, tumwelewe. Ametajwa, sasa anatafuta wa kuanguka naye. Ndugu zangu, kampeni inapokea mamia ya michango. Mimi siangalii kila hundi. Hizi orodha mimi wala sijawahi kuzifungua."

Makofi.

Nilikaa. Basi, kimeisha, nilijua. Nilikuwa natafuta funguo za gari kwenye mkoba nisilie mbele yao.

Hapo Mukamana akasimama.

Nikajua sasa ndiyo ananimaliza.

Hakunitazama. Alikuwa anamtazama Eliezer, ameshika ukurasa wa saba mkononi.

"Monsieur Eliezer. Unasema hujafungua hii liste hata siku moja?"

"Kamwe, mama."

"Sasa ile karatasi ya jina ya Elinaja, ni nani aliniletea kwangu?"

Eliezer akatazama mlango.

"Ni weye. Uliingia kwangu, ukaomba na bwana yangu, ukalia hata machozi. Ukaacha karatasi juu ya meza. Ukasema, 'Mama, muone rafiki yako mwenye anawapikiaka.' Mwandiko wa chini ni ya nani? Si ya kwako?"

 

Na mimi ndipo akili ikanirudi. Alikuwa ameisoma taarifa nzima. Alijua jina lake liko ukurasa wa saba, na alijua siku moja mtu atauliza. Akatafuta jina lingine litakaloungua kwanza. Mtu wa karibu, mtu ambaye uchungu wa Mukamana utaishia kwake.

Mimi.

"Minauliza," Mukamana akasema, na sasa sauti ilikuwa inakatika. "Ulinipa ukurasa moja. Ingine uliweka wapi?"

Sosthène akanyanyuka. Akamshika mke wake kwa mkono wa kushoto, wakatoka nje.

*

Mnadhani Eliezer alishindwa?

Alishinda. Kwa kura mia tatu na kitu. Nusu ya ukumbi ule walimpigia. Yule mzee wa fimbo aliniambia bila aibu, "Mwizi wetu ni afadhali kuliko mwizi wao." Wengine mpaka leo wanasema mimi na Mukamana tulipanga.

Mwezi wa pili muswada ukaja mbele ya kamati yake bungeni. Mimi na Mukamana tulikwenda Saint Paul kwa gari langu. Njia nzima hatukuzungumza zaidi ya hali ya barabara. Tulikaa nyuma ya chumba. Wajumbe wakaanza kuitwa majina kupiga kura.

Eliezer akatazama simu yake, akanyanyuka, akatoka nje kuipokea.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Muswada ukapita pale kwa kura moja.

Alirudi baada ya dakika tano, akatuona, akatupungia mkono. Wallahi, alitupungia mkono.

Sosthène mwenyewe muswada ule haukumgusa, kwa kuwa aliumia kabla. Kesi yake ya fidia alishinda. Nilimpa wakili wake zile barua pepe zangu mbili kuhusu kinga ya mkanda, na siku ya kusikilizwa kesi nilikaa mbele ya watu nikazisoma kwa sauti. Wiki ya sita baada ya hapo Duncan aliniita, akasema nafasi yangu "imeunganishwa na nyingine". Kwa upole uleule.

Nikamuuliza, "Ni hiari?"

Akanifungulia mlango.

Sasa nafanya kazi sehemu nyingine, mshahara pungufu. Geofrey alinuna miezi miwili, akanunua gari la zamani, akazoea.

Na Mukamana? Watu huniuliza hilo. Tunasalimiana. Alikuja kuniomba radhi, nikapokea, lakini kuna kitu hakijarudi na sitawadanganya kwamba kitarudi. Siku ile aliniambia, "Elinaja, weye ulinikosea kwa kutojua. Mimi nilikukosea kwa kutouliza." Nikamwambia tumetoka sare. Hatukucheka.

Ninyi mnaosoma hapa mkiwa na ajira nzuri ugenini: ukiletewa fomu ya hiari na mtu mwenye cheo chako mkononi, uliza pesa inakwenda kwa nani, kwa jina, kabla kalamu haijagusa karatasi. Mimi nililipia, na kulipia kwa ujinga ni kulipia vilevile.

Na wewe uliyekaa kanisani, msikitini, kwenye group, ukitumiwa jina la mtu limepakwa rangi: kabla hujatukana, mgeukie aliyeleta. Ukweli nusu hautembei wenyewe. Kuna mtu ameubeba mpaka kwako, na ile nusu nyingine ameikalia.