Mkia wa Mjusi kwa Chatu Asiyekula

Siku moja naikumbuka, mwanangu, vizuri kuliko hata siku niliyovaa joho la chuo. Ndiyo, nakuita mwanangu, na usicheke. Mamako ni dada yangu tumbo moja, nami ni mamako mdogo, hata kama umenizidi kimo na watu wakituona pamoja Kisauni hudhani tumesoma darasa moja. Mamako ameniambia Jumatatu waanza kufundisha chekechea na kwamba wasiwasi umekushika. Basi kaa nikusimulie. Mambo ya wasiwasi nayajua mimi.

Nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya elimu ya wanyama, nikapata kazi katika bustani ya nyoka kule Utange. Bibi yetu wa Junda, niliyekuwa nikikaa kwake, aliwaambia majirani nafanya kazi na wanyama, akakomea hapo. Mkuu wetu wa kazi alikuwa Mzee Chengo, Mgiriama mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye amelea nyoka tangu kabla sijazaliwa. Wiki chache baada ya mimi kuingia, chatu wetu wa mchangani alizaa. Huyu si yule chatu wa hadithi anayemeza mbuzi. Hafiki urefu wa mkono wa mtu mzima, hana sumu, na siku nzima hujifukia mchangani akaacha macho tu nje, akingoja kitoweo kipite. Hatagi mayai, huzaa watoto wazima, na watoto wenyewe wana unene wa penseli.

Tulimtenga kila mmoja katika kisanduku chake chenye mchanga. Walipojivua ngozi ya kwanza tukaanza kuwalisha vichanga vya panya, vile vyekundu visivyoota manyoya, tunavyovitoa kwenye friji na kuviacha vipate joto. Mmoja baada ya mwingine walikula. Akabaki mmoja wa kike, mdogo kuliko wote. Kila nikimwekea, hugeuza kichwa akazama mchangani.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza safari. Labda mchanga una chumvi. Labda kisanduku kiko karibu na dirisha. Labda mikono yangu yanuka sabuni. Nilikuwa nikimfukua kila saa nimtazame kama yu hai, namrudisha, nakwenda hadi mlangoni, narudi.

"Rukia," Mzee Chengo aliniita.

"Abee, Mzee."

"Wewe ukila wali, mtu akikufunua sahani kila mara akuulize kama washiba, utakula?"

"Sitakula."

"Basi mwache mwana wa watu."

Nilimwacha, lakini hakula. Ngozi ikaanza kukunjamana ubavuni, na nilipomwinua alikuwa mwepesi kama uzi. Asubuhi moja Mzee Chengo alimgeuza kiganjani, kisha akasema kesho yake angemfungua mdomo kwa kibano na kumsukumia chakula. Nilimwuliza kama amewahi kumfanyia hivyo mdogo kiasi kile. Akasema wakubwa ndiyo, wa namna hii hapana, taya zao ni kama njiti. "Akivunjika amevunjika," alisema, "lakini akikaa hivi, kufa atakufa. Waonaje wewe uliyesoma?"

Hakuwa akinikejeli, mwanangu. Aliuliza kwa sababu alitaka jibu. Nikamwomba anipe mpaka alasiri ya siku ile ya pili kabla hajashika kibano. Akakubali.

Nilirudi kwa Bibi Junda nikiwaza njia nzima, na safari hii nikajilazimisha kuwaza jambo moja tu. Niliacha kuuliza je akifa, je nikifukuzwa, je watu watasemaje. Nikauliza: huyu angezaliwa porini kule Kilifi ndani, mdogo namna hii, angekula nini? Panya? Panya gani wa kumtosha mdomo ule? Huko angengoja mijusi wadogo. Pengine panya kwake hanuki kama chakula kabisa.

Na nyumbani kwa Bibi, mjusi alikuwako. Alikaa nyuma ya saa ya ukutani, mjusi kafiri mnene mweupe, na ami yetu Bakari alikuwa na vita naye vya siku nyingi. Asubuhi nilipoamka nikamkuta Ami keshavua kandambili, amenyanyua mkono.

"Ami, usimuue! Namtaka mzima."

Ami akageuka. "Mzima? Wamtaka wa nini, umposee mke?"

"Nampeleka kazini."

Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Audhubillahi! Huyo ndiye aliyepuliza moto wa kumchoma Nabii Ibrahim, nawe wataka abebwe kwa heshima hadi Utange?"

"Si kwa heshima, Bibi. Nataka harufu yake."

"Harufu!" Bibi akamtazama Ami. "Shule hizi, wallahi, tumezilipia bure."

Wakati tukibishana, mjusi akaona upenyo akakimbia. Ami hakuweza kujizuia, kandambili ikapigwa pa! ukutani. Mjusi akapita dirishani akaenda zake, na sakafuni ukabaki mkia ukirukaruka peke yake. Ami akasonya kwa kumkosa. Mimi nikapiga magoti, nikauokota ule mkia kama mtu aliyeokota pete, nikautia kwenye kikopo. Bibi alirudi jikoni akitikisa kichwa.

Kazini nilichagua kichanga cha panya kidogo kuliko vyote. Nikakiosha kwa maji matupu kiishe harufu yake, nikakikausha, kisha nikakisugua chote kwa ule mkia wa mjusi. Mzee Chengo alisimama nyuma yangu mikono mgongoni. Nikakiweka juu ya mchanga, mbele ya yale macho mawili madogo yaliyokuwa yakichungulia, nikafunika kwa kigae kuwe na giza.

Kisha nikabaki nimesimama.

"Toka," alisema.

"Dakika moja tu, Mzee, nione kama..."

"Rukia. Yako umemaliza. Hii iliyobaki ni yake."

Akanitoa nje, akafunga mlango, ufunguo akautia mfukoni. Akanipa burashi nikasugue birika za kobe, wanamonywea maji. Nilizisugua zikang'aa, hata kobe wenyewe nadhani walishangaa. Nikisugua nawaza: labda siafu wameingia, labda kigae kizito, labda mkia ulikauka.

Adhana ya alasiri ilipokwisha tuliingia. Nikainua kigae. Kichanga hakipo. Badala ya kufurahi nikasema, "Siafu." Mzee Chengo akapitisha kidole polepole chini ya mchanga, akamwinua. Katikati ya ule mwili mwembamba kama penseli palikuwa na kifundo, kimevimba vizuri, kama mtu aliyeficha embe kwenye soksi.

Mzee Chengo alicheka mpaka akashika ukuta. "Alhamdulillahi utasema wewe, mimi nasema asante Mungu. Haya, sasa wawaza nini tena?"

"Kama atakitapika."

Hakukitapika. Alikula tena mara kadhaa, nikipunguza harufu ya mjusi kidogo kidogo, mpaka akakubali panya mtupu. Leo ni jike nene la rangi ya chungwa, na Mzee Chengo akipitisha watoto wa shule huwaambia, "Huyu alikataa kula, huyu dada hapa ndiye aliyemshinda kwa hoja." Wakizaliwa wengine na mmoja akagoma, Mzee mwenyewe huniambia nipigie simu Junda. Ami Bakari hukamata mijusi kwa mikono miwili siku hizi, huku akisoma bismillahi, na hulalamika kwa kila jirani, lakini huwaambia pia kwamba bustani ya nyoka yote ya Utange yamtegemea yeye. Nami najivunia, mwanangu. Nalisema kwa mdomo wangu: najivunia.

Sasa nisikilize. Watakwambia uache kuwaza. Hutaweza, na wala usijaribu, umezaliwa hivyo kama nilivyozaliwa mimi. Ila fikira zako zipe kazi. Ukijiona wauliza "nikishindwa je?", swali hilo halina mwisho, liache. Muulize huyo mtoto aliye mbele yako, yule atakayekaa pembeni asitake kuimba na wenzake: wewe wataka nini, na kwenu hula nini? Swali hilo lina jibu, na jibu laweza kuwa nyuma ya saa ya bibi. Lifanye jambo lako kwa uangalifu wako wote, bila haya hata wakikucheka. Kisha ondoa mkono, funga mlango, kasugue birika. Likifaulu, usitafute siafu. Furahi siku hiyo hiyo, mbele za watu, kwa sauti.

Nenda Jumatatu, mwanangu. Mola akukunjulie kifua chako, akuwekee kando yako mtu wa kukucheka kwa mapenzi, na kila mdogo atakayetiwa mikononi mwako atoke ameshiba. Amin.