Aliyemngoja Mwalimu Taratibu Mlangoni

Fundi alikuwa mshona nguo, mtu wa maneno machache, na mkewe alipenda kumtania kwamba kumtoa neno ni sawa na kukamua jiwe. Naye alijua alisemalo, maana kuwatoa watu maneno ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa mwanasaikolojia katika shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu. Watoto walimwita Mwalimu Taratibu, kwa kuwa neno hilo halikumbanduka mdomoni.

Chumba chake kilipakana na stoo ya madawati. Kilikuwa na mkeka, meza fupi na pazia zito alilolishona Fundi mwenyewe, kwa sababu wapo watoto walioumizwa na mwanga mkali kama wanaozabwa kofi. Fundi alishona pia vifuko vya mchanga, ili watoto wasiotulia wavipakate viwatulize. Jioni mkewe alirudi hoi, akajibwaga kitini bila kuvua viatu.

"Watoto wa watu unawalisha nyama," Fundi alinung'unika, "mimi unaniletea mifupa."

"Mifupa ndiyo yenye utamu, mume wangu," alijibu huku amefumba macho.

Kifua kilipoanza kumbana, mkewe alisema ni uchovu tu, likizo ikifika atapumzika. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Alianguka asubuhi moja akipiga pasi gauni la kazini, na kabla hawajafika hospitali alikuwa ameshakata roho.

Miezi ikapita. Siku moja afisa elimu akampigia Fundi simu: marehemu ametunukiwa tuzo ya utumishi uliotukuka katika saikolojia ya shule na elimu maalumu, tafadhali aje aipokee kwa niaba yake. Fundi akavaa suti aliyojishonea kwa harusi ya shemeji yake. Ilimpwaya kama ya kuazima, naye hakuwa na moyo wa kuipunguza.

Sherehe ilifanyika palepale shuleni, ukumbini. Kipaza sauti kilikoroma, afisa elimu akamsifu marehemu kwa maneno mazuri, watu wakapiga makofi. Fundi akapewa ngao ya kioo, akasema, "Asanteni," akarudi kuketi. Watu walipoanza kutawanyika, akamwomba mwalimu mkuu amruhusu akione kile chumba mara moja.

Mlangoni pa chumba, sakafuni, aliketi msichana mdogo amekumbatia mkoba.

"Huyo ni Kibibi," mwalimu mkuu alinong'ona. "Ana usonji. Darasani haingii, kila siku anakuja kukaa hapo. Tulimwambia kwamba mwalimu wake amesafiri. Tungemwambiaje, baba? Tuliogopa."

Fundi akamkumbuka mkewe. Kama kulikuwa na jambo mkewe hakulivumilia, basi ni kumdanganya mtoto hivyo. Alizoea kusema kwamba watoto kama hawa hulichukua neno kama lilivyo. Ukimwambia mtu amesafiri, kwake kuna begi, kuna basi, na kuna siku ya kurudi.

Kibibi hakumtazama usoni. Aliitazama tai yake.

"Wewe ni mume wa Mwalimu Taratibu. Ulishona pazia, ukaja kulitundika."

"Ndiyo, mwanangu."

"Anarudi lini?"

Mwalimu mkuu alifungua kinywa, lakini Fundi akamwahi. Tangu mazishi alikuwa amesema "ametutoka," amesema "ametangulia." Neno lenyewe lilikuwa bado halijapita kooni mwake.

"Hakusafiri," alisema. "Amekufa."

"Kama paka wetu?"

"Kama paka wenu. Hapumui tena. Tumemzika."

"Jumatatu atakuja?"

"Hatakuja. Si Jumatatu, wala siku nyingine."

Kibibi akaanza kujibembeza, taratibu, kisha kwa nguvu, kisha akawa anajigonga kichwa ukutani. Fundi akaweka ngao chini, akavua koti, akalikunja na kulishikilia kati ya kichwa na ukuta. Alipiga magoti hivyo bila kuliachia. Mtoto alilia kilio kisicho na machozi, kimoja, kirefu, na walimu waliokuja kuchungulia wakarudi nyuma.

Mama yake Kibibi alikuja mbio kutoka ukumbini.

"Nani alikutuma?" alimuuliza Fundi. "Ndiyo kwanza mtoto ameanza kupata usingizi."

"Nisamehe, dada," Fundi alisema.

Baadaye, Fundi akiwa kwenye kibanda chake cha kushonea, mwalimu mkuu alimpigia simu. Kibibi alikaa nyumbani kwa muda, sasa amerudi, na anaingia darasani. Hasemi, hacheki, lakini anakaa na wenzake.

"Pale mlangoni haendi tena," alisema mwalimu mkuu. "Ulifanya vizuri, baba."

Fundi akashukuru, akaweka simu juu ya cherehani. Alijua mkewe angefurahi. Lakini muda wote ule, huku yeye ameshakata tamaa, kumbe kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyekuwa bado anamngoja mkewe arudi. Na alipomjua, ni yeye mwenyewe aliyemwondoa mlangoni.

Mteja aliyefuata suruali yake alimkuta ameinamia cherehani, mabega yakimtikisika. Akarudi zake kimya, hata hodi hakubisha.